Povu Jeusi

Siku ya nne tangu mzee aanguke, picha yake ilikuwa bado haijakauka. Inspekta aligundua jambo hilo kwa njia ya kuchekesha. Aliinama kuitazama kwa karibu, ncha ya pua ikagusa wimbi, na Koplo aliyekuwa amesimama mlangoni akauma midomo ili asicheke.

"Afande, una povu puani."

"Nipe kitambaa, na ufunge bakuli lako."

Alijifuta. Kitambaa kilitoka na doa jeusi, akakikunja na kukitia mfukoni. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile ya taratibu isiyo na haraka ya kwisha, na chumba kizima kilinuka tapentaini na nguo zilizolowa.

Chumba hicho kilikuwa juu kabisa ya nyumba ya ghorofa moja. Mlango mmoja ulitokea ngazini, mwingine ulitokea kwenye dari tambarare la nje, lisilokuwa na ukingo. Kutoka kwenye dari hilo, Jumapili asubuhi, mchoraji wa miaka sabini na moja alianguka hadi uani kwenye sakafu ya saruji. Jirani aliyetoka kumwaga maji ndiye aliyemkuta, na alikuwa ameshapoa. Hapakuwa na mlango uliovunjwa, hapakuwa na kitu kilichoibwa, na mwilini hapakuwa na jeraha ambalo saruji isingeweza kulieleza. Palikuwa na picha tu.

Ilisimama kwenye stendi yake katikati ya chumba, pana kama meza ya watu sita. Bahari. Anga la juu lilikuwa na rangi ya bati lililolowa, zito, limeshuka hadi karibu kugusa maji. Pale ambapo jua lingekuwa, palikuwa na duara la kahawia iliyofifia, na chini yake, juu ya maji, mistari mifupi mifupi ya kahawia na nyeusi. Mawimbi yalikuja ufukweni yakiwa na povu jeusi. Chini kabisa yalikaa mawe matano, meupe pe upande mmoja. Hakuna chombo, hakuna ndege, hakuna mtu. Ilikuwa picha ya kumkata mtu maini, na Inspekta, mwanamke ambaye ukutani kwake hakuwa na picha nyingine zaidi ya kalenda ya duka la vipuri, alijikuta hataki kuitazama kwa muda mrefu.

Hilo ndilo lililomkera. Kazi yake haikuwa kuhuzunishwa na vitu. Kazi yake ilikuwa kujua nani aliviweka mahali vilipo.

Simu ya Mkuu wa kituo ilikuja saa tatu kasoro.

"Bado uko huko?" Mkuu aliuliza. "Faili liko mezani kwangu, nimeshatia sahihi yangu. Linasubiri yako. Saa nane nataka liende."

"Mkuu, hakuna barua."

"Mtu amekuachia barua ya kuaga ya futi sita kwa nne, wewe unataka aandike kwa kalamu? Hata mimi nisiyejua sanaa nimeiona kwenye picha alizopiga Koplo, nikakosa hamu ya chai. Isitoshe, binti yake mwenyewe kakiri walichoambiana. Nakuletea Mwalimu akueleze kitaalamu, halafu umalize."

Mwalimu alifika baada ya nusu saa, mwavuli mkononi, viatu havina hata tone la tope. Alikuwa mkuu wa idara ya sanaa chuoni, mtu wa miaka arobaini na kitu, sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Miaka kumi na minane iliyopita alianza kuosha brashi katika chumba hiki hiki. Mzee ndiye aliyemfundisha kila kitu, alisema, na kila Alhamisi alikuja kumjulia hali na kumletea rangi. Hata Alhamisi iliyopita alikuja. Alimpa Inspekta pole, akampa na Koplo, kisha akajongea mbele ya picha.

"Haya, Mwalimu," Inspekta alisema. "Nisomee."

"Picha ya bahari haisomwi kama gazeti, Inspekta. Kwanza unaiacha ikuingie." Akanyoosha kidole bila kugusa. "Anga limeshuka. Mtu wa kawaida akichora bahari, anakupa nafasi ya kupumua huku juu. Hapa amekunyima. Jua lipo, lakini limeoza. Sasa tazama povu. Baharini hakuna kitu cheupe kuliko povu, yeye amelifanya jeusi. Na mawe, ambayo ndiyo meusi, ameyafanya meupe kama mifupa. Ameigeuza dunia nje ndani. Mtu akifika hapo, Inspekta, ameshaiaga."

Koplo, aliyekuwa anaandika, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Maneno yalikuwa matamu, hata Inspekta alikiri moyoni. Yalikuwa matamu na yalikaa sawasawa, kila neno na tundu lake.

"Zamani alikuwa anachora hivi?"

"Kamwe. Tazama ukutani. Alikuwa mchoraji wa asubuhi."

Inspekta alitazama. Kuta tatu zilijaa bahari ileile, ufukwe uleule, mawe yaleyale matano na la mwisho lenye ufa upande wa kushoto, kutoka dirisha hilohilo la chumba. Zote zilimeremeta kwa jua.

"Mzee wa miaka sabini na moja, dari halina ukingo," alisema. "Hawezi kuwa aliteleza tu? Au hakuona mwisho wa dari? Macho yake yalikuwaje?"

Mwalimu alitabasamu kwa huzuni. "Macho ya mzee? Yangekuzidi wewe, samahani. Mwezi uliopita tu alinikosoa kivuli chembamba kama unywele. Hapana, aliona vizuri sana alikokuwa anakwenda."

"Niandike hivyo?"

"Andika."

Koplo aliandika, Mwalimu akasoma, akatia sahihi yenye mkia mrefu na kuondoka, akisema kwamba akihitajika yuko ofisini.

Binti wa marehemu alikuja saa nne kuchukua kanzu ya baba yake, akasimama ngazini hataki kuingia. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na bado alikuwa na pini mbili zimechomekwa kifuani kwa mazoea ya kazi. Macho yalikuwa yamevimba. Inspekta alitoka, wakakaa kwenye ngazi, mmoja ngazi ya juu na mwingine ya chini.

"Dada, nilishaandikisha maelezo yangu," binti alisema. "Sina jipya."

"Najua, mdogo wangu. Nataka unisimulie tu, mimi siandiki."

Binti alivuta pumzi. Jumamosi alikuja kama kawaida. Akakuta sufuria imeungua hadi chini imekuwa nyeusi. Akakuta baba yake amevaa shati nje ndani, na vifungo vimepishana, na wageni wawili wamekaa naye sebuleni wanamwangalia. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa mwaka mzima alikuwa anajiachia. Chai anaitia chumvi. Kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Ukimwambia habari, anaitikia huku ameuelekeza uso mlangoni.

"Nikamfokea, dada, mbele ya wageni. Nikamwambia, kama umechoka kuishi, sema." Alichomoa pini moja kifuani. "Hivyo hivyo nilivyosema. Hakunijibu. Akacheka tu kidogo, akaniambia niende zangu, yeye ana kazi. Asubuhi yake... Sasa mnataka nitie sahihi kwamba alijiua. Nitatia. Lakini ninyi mtafunga faili, mimi nitaishi nalo. Watoto wangu wakiuliza babu alikufaje, nitawaambia mama yenu ndiye aliyemwambia afe?"

Inspekta hakuwa hodari wa kubembeleza. Alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

"Hiyo picha uliiona Jumamosi?"

"Hapana. Aliifunika shuka. Akaniambia, nachora asubuhi, usinichungulie mpaka nimalize."

"Alisema asubuhi?"

"Asubuhi. Ndiyo maana nilipoiona siku ya pili nilijua alikuwa ananidanganya."

Inspekta aliliweka neno hilo kando. "Na Mwalimu? Walikuwa wanaelewana?"

"Kama baba na mwana. Tena wiki tatu zilizopita nilipeleka majoho ya mahafali chuoni, nikaona ukumbini wametundika picha ya bahari aliyochora Mwalimu, ile iliyompatia ukuu wa idara. Nikaja kumsimulia baba, nikidhani atafurahi. Akaniuliza maswali mengi. Mawe mangapi? Nikamwambia matano. La mwisho lina ufa? Nikasema ndiyo. Upande gani? Wa kushoto. Baadaye akasema Jumatatu ya wiki hii kuna mkutano wa wakubwa wa chuo, nimpeleke. Nikadhani anataka kumpongeza kijana wake."

"Wewe hukuitambua hiyo picha?"

"Dada, kwangu mimi bahari zote ni moja," binti alisema kwa aibu. "Nimekulia humu ndani na sijawahi kuzitazama."

Alipoondoka na kanzu yake, Inspekta alirudi chumbani na kufunga mlango. Alikaa kwenye kigoda cha marehemu.

"Koplo, mtu anavaa shati nje ndani. Kwa nini?"

"Amekata tamaa, Afande."

"Anatia chumvi kwenye chai."

"Amekata tamaa sana."

"Anavaa viatu viwili tofauti, anaunguza sufuria, anaongea na mlango."

Koplo alishusha daftari. Alikuwa na mama mzee nyumbani, na hesabu hiyo haikumchukua muda. "Haoni," alisema polepole. "Afande, huyu mzee alikuwa haoni."

"Na msomi wetu ametutilia sahihi kwamba anaona kivuli cha unywele."

Inspekta aliinuka, safari hii akitazama kama mpekuzi. Kwenye fremu ya picha, pembeni kushoto na kulia, kulikuwa na pini ndogo za kubania karatasi, zimechomekwa mbili mbili kwa vimo vilevile. Aligusa moja kwa kidole, akavuta mstari hewani hadi pini ya upande wa pili. Mstari ulipita juu kabisa ya maji, pale bahari inapokutana na anga. Pini nyingine zilikaa sawa na ukingo wa ufukwe. Mtu mwenye macho hana haja ya kupapasa ajue bahari inaishia wapi. Alizunguka ukutani. Picha za zamani hazikuwa na tundu hata moja. Nne za mwisho, karibu na dirisha, zilikuwa na matundu hayohayo.

"Basi alichora kwa kupapasa mwaka mzima," Koplo alisema. "Lakini hizo nne ni nzuri, zina jua. Kwa nini hii tu imechafuka?"

"Njoo hapa. Fumba macho."

"Afande?"

"Fumba, Koplo."

Alimshika mkono na kuupitisha juu ya moja ya zile picha nne, pale ambapo mawimbi yanavunjika. Rangi ilikuwa imekauka, nene, imekaa vichuguu vichuguu. Halafu akampeleka mbele ya stendi na kumgusisha ile mbichi, kidogo tu, pembeni ya wimbi.

"Unasikia nini?"

Koplo alikunja uso. "Ni ileile. Vichuguu vilevile. Hata hapa anapomalizia, anazungusha mkono vilevile."

"Na hapa kwenye jua?"

"Vilevile."

"Fungua macho."

Alifungua, akaona kidole chake kimegusa duara la kahawia. Kwa Inspekta, kitu kilikaa mahali pake. Mkono uliochora picha hii ulikuwa mkono uleule wa asubuhi zote zilizokuwa ukutani. Haukusita popote, haukukwaruza kwa hasira, haukulegea. Uliweka povu kwa raha yake ya siku zote. Rangi ndizo zilizokuwa na msiba.

Kwenye meza, chini ya dirisha, kulikuwa na ubao uliokazwa kwa skrubu, wenye matundu manane mstari mmoja. Kila tundu lilisimamisha tyubu moja ya rangi, mdomo chini. Kutoka kushoto: nyeupe, njano, machungwa, nyekundu, kijani, buluu, kahawia, nyeusi. Tyubu zote zilikuwa mpya na za ukubwa mmoja. Ndani ya kikapu cha taka palikuwa na tyubu moja kubwa ya zamani ya rangi nyeupe, karibu mara mbili ya zile mpya, bado nzito.

Inspekta aliichomoa tyubu ya kwanza, nyeupe, akachungulia tunduni kwa kurunzi. Ubao ulikuwa umepakwa nyeupe na miaka, tabaka juu ya tabaka, rangi imekuwa ngumu. Lakini juu ya weupe huo kulikuwa na pete nyeusi. Aliichoma kwa ukucha. Ukucha ulizama.

Tundu la nane, nyumba ya nyeusi, lilikuwa na pete mbichi nyeupe. La pili, la njano, lilikuwa na kahawia mbichi. La saba lilikuwa na njano. Manne ya katikati hayakuwa na kosa.

Koplo alishika kiuno. "Zilihamishwa."

"Mzee hakujua rangi kwa kuiona. Alijua tundu. La kwanza nyeupe, la pili njano. Mtu alikuja, akatupa ile kubwa ya nyeupe ili zote zilingane vidoleni, akaweka nyeusi kwenye nyumba ya nyeupe na kahawia kwenye nyumba ya njano. Mzee akakaa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, akapaka povu jeupe, akapaka jua la njano, akaweka kivuli cheusi kwenye mawe yake. Akamwambia binti yake, nachora asubuhi. Na kweli alikuwa anachora asubuhi." Inspekta aliirudisha tyubu. "Halafu mzee akafa, na tyubu zikarudi zenyewe nyumbani kwao. Nani alijua kwamba zilikuwa zimepotea?"

Nje mvua iliongezeka. Inspekta alijisikia vibaya kwa ajili ya mzee yule, vibaya kabisa. Kumsukuma mtu ni uovu unaoeleweka. Lakini kumkalisha mtu siku mbili aandike barua ya kifo chake kwa mkono wake mwenyewe, naye anadhani anachora jua, hilo alikuwa hajawahi kukutana nalo kwa miaka ishirini na miwili ya kazi.

"Chukua pikipiki," alimwambia Koplo. "Kliniki ya macho ya hospitali kuu. Mtu haoni mwaka mzima bila kwenda hata mara moja. Nataka kadi yake na kitabu cha wagonjwa. Hasa nataka ile safu wanapoandika aliyemsindikiza mgonjwa."

Saa saba na dakika kumi Mwalimu alirudi. Safari hii viatu vilikuwa vimeingia maji, kwa sababu aliambiwa afanye haraka. Koplo alikuwa amesharudi, koti linachuruzika, amesimama upande wa mlango wa ngazini.

"Nilidhani tumemaliza," Mwalimu alisema.

"Karibu. Nimepata shida moja tu ya kitaalamu. Ulisema mzee aliigeuza dunia nje ndani. Povu jeusi, mawe meupe."

"Ndiyo."

"Mbona buluu hakuigeuza? Nyekundu je? Mtu aliyeaga dunia anachagua rangi nne za kukatia nazo tamaa, nyingine anaziacha?"

"Sanaa haina kanuni hizo."

"Sawa. Tia kidole chako hapa." Inspekta alichomoa tyubu ya kwanza na kumwonyesha tundu.

Mwalimu hakutia kidole. Alilitazama tundu, kisha ubao wote, kuanzia kushoto hadi kulia.

"Rangi ya mafuta haikauki kwa siku nne," Inspekta alisema. "Wewe ndiye unayefundisha hivyo, mimi nimejifunza kwa pua yangu. Tyubu hizi nani alizileta?"

"Mimi. Sijakataa. Nilizileta Alhamisi, kama kawaida."

"Nani alizipanga?"

"Yeye mwenyewe. Au binti yake, anapenda kupangapanga vitu. Pengine alikosea, baadaye akarekebisha. Mnaweza kumuuliza."

"Binti hajui hata kwamba baba yake alikuwa kipofu."

"Hakuwa kipofu. Nimekwisha kuwaambia."

"Umeniambia, na umetia sahihi." Inspekta alimtazama Koplo. "Soma."

Koplo alifungua karatasi iliyolowa pembeni. "Mwezi wa tatu, tarehe tisa. Mgonjwa: mchoraji, miaka sabini na moja. Presha ya macho, macho yote mawili. Anatambua mchana na usiku tu, hakuna tiba ya kuyarudisha. Ameelezwa mbele ya aliyemsindikiza. Aliyemsindikiza..." Aliinua macho. "Mwanafunzi wake. Na sahihi. Ina mkia mrefu."

Mwalimu aliweka mwavuli chini taratibu, akaegemea meza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana na umri wake.

"Aliniapisha nisimwambie mtu," alisema. "Aliogopa binti atamtoa humu. Niliitunza siri yake."

"Uliitunza vizuri. Ile picha ya ukumbini ni ya nani, Mwalimu?"

Mwalimu aligeukia dirisha.

"Alikufundisha yeye, kwa hiyo mnafanana mkono. Ungeweza kubisha hadi kesho, nani angekushinda? Mzee asiyeona atathibitisha vipi kwamba picha ni yake?"

"Alisema atakuja Jumatatu," Mwalimu alisema, na sauti ile laini ilikuwa imekatika katikati. "Alhamisi aliniambia hapa hapa, bila hasira, kama mtu anayeniomba maji. Alisema hahitaji macho. Ataipapasa mbele ya wakubwa wote, na vidole vyake vitajua. Nilikuwa nimeshika tyubu mkononi wakati anasema." Aliitazama mikono yake. "Nilimsihi. Akasema tuachane na hayo, nimpangie rangi, kesho anataka kuanza kazi."

Koplo alimfunga pingu. Mwalimu hakukataa. Mlangoni aligeuka, akaitazama picha kwa mara ya mwisho, na Inspekta akamkatiza kabla hajafungua mdomo.

"Ukiisoma tena nitakutandika. Mshushe, Koplo."

Saa nane kamili alimpigia Mkuu na kumwambia faili haliendi. Mkuu alifoka, akasikiliza, halafu akauliza kwa unyonge kama kweli mzee alidhani anachora jua. Baada ya hapo Inspekta alituma mtu dukani kwa mshonaji.

Binti alikuja na kuingia chumbani moja kwa moja. Inspekta alimweleza bila kuzunguka, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mahakamani, kwa sababu hakujua namna nyingine. Macho, kliniki, tyubu, mkutano wa Jumatatu, na mkono uliomsukuma baba yake darini Jumapili. Binti alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo hakujiua," alisema mwishoni.

"Hakujiua. Kufa hakukuwa akilini mwake kabisa. Alikuwa na kazi."

Binti alikaa kwenye kigoda na kulia kwa sauti, kilio cha siku nne. Inspekta alimwacha. Kilipopungua, binti alijifuta kwa upindo wa kanga na kuzungumza huku akitazama sakafu.

"Mwaka mzima nilimfokea kwa kutoona, na mimi ndiye mwenye macho. Angeniambia tu, dada."

"Ungemwondoa humu."

"Ningemwondoa siku hiyo hiyo," binti alikubali. "Nionyeshe. Nionyeshe alivyokuwa anaiona yeye."

Inspekta alisita. Halafu akasimama mbele ya turubai, mahali pale pale alipokuwa amesimama Mwalimu, akajisikia mjinga, akaanza. Hapa, huku juu, ni buluu aliyoichanganya na nyeupe; anga jepesi. Hili ni jua, njano. Mistari hii ni jua likicheza majini, njano na nyeupe, nyeupe na njano. Hili ni povu, jeupe. Haya mawe yana kivuli cheusi upande huu, kwa hiyo jua linatoka kule, kwa hiyo ni mapema, watu ndio kwanza wanaamka. Binti alifuata kidole chake kutoka pembe moja hadi nyingine. Alikuwa anaitazama bahari ya baba yake kwa mara ya kwanza, na Inspekta alijitahidi asikosee hata wimbi moja.

Walipomaliza, binti alirudi nyuma hatua moja.

"Mtaipeleka wapi?"

"Ghala la vielelezo, mpaka kesi iishe. Mwaka, pengine miwili. Baadaye ni yako."

Binti aliendelea kuitazama. "Nimeelewa kila ulichosema," alisema. "Najua pale ni jua. Lakini nikiangalia, dada, bado naona msiba tu."

Inspekta alitaka kumwambia kwamba atazoea, kwamba siku moja ataliona. Alitazama tena lile duara, akalitazama kwa nia njema yote aliyokuwa nayo.

"Hata mimi," alisema, akachukua shuka na kumsaidia kuifunika.